Ukuta wa Kiwanda cha Barafu

Kazi yangu ya kwanza ya kuchambua hatari nilipewa bila sherehe yoyote. Mhandisi niliyekuwa chini yake alisema, "Nenda kile kiwanda cha barafu chini ya mlima. Angalia mazingira yanaweza kukifanya nini, na chenyewe kinaweza kuyafanya nini mazingira." Akarudi kwenye simu yake. Nilikasirika, maana nilitegemea angalau tungeenda wote siku ya kwanza.

Njia yenyewe si ngumu kuieleza. Unatafuta kitu kinachoweza kuua, unafuata njia kitakayopita, halafu unauliza nani anakaa kwenye njia hiyo. Pale kinachoua kilikuwa amonia, gesi inayozungushwa kwenye mabomba ili maji yagande. Ikiwa ndani haina neno. Ikitoka nyingi kwa mkupuo inaunguza macho, koo na mapafu, na kwa asubuhi za Morogoro zenye ukungu haipandi juu ikapotea kama watu wanavyodhani. Inashikana na unyevu, inatambaa chini.

Nyuma ya kiwanda nilikuta bomba la vali ya usalama. Presha ikizidi, vali inafunguka yenyewe bila kumuuliza mtu, na gesi inatokea hapo. Bomba lilitakiwa lipande hadi juu ya paa. Aliyelifunga alikuwa amelikunja likatazama chini, usawa wa kifua cha mtu mzima, eti mvua isiingie. Nilimtukana kimoyomoyo, kisha nikageuka nione linamtazama nani.

Lilikuwa linamtazama mama yangu mdogo.

Alikuwa ameegemea ukuta pamoja na wanawake wenzake walioshuka na kabichi na karoti kutoka milimani, wanasubiri wanunuzi. Wengi walikuwa na watoto waliofungwa kwenye khanga. Yeye alikuwa na mjukuu wake wa kike mwenye pumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na wewe umekuja kuvuta?"

"Kuvuta nini?"

"Hii hewa. Inafungua kifua. Huyu jana kifua kilikuwa kinapiga filimbi, leo si unamwona anacheka?"

Ni kweli kulikuwa na harufu kali. Ndani, mpira wa kuzibia kwenye kompresa, mashine inayoisukuma gesi, ulikuwa umechakaa, na amonia kidogo ilikuwa inavuja na kutokea madirishani. Inazibua pua, hilo sikatai. Kwa hiyo kila mwenye mtoto wa mafua alimleta hapo, na sifa za ukuta ule zilikuwa zimeshafika hadi kwa watu wa Kinole, huko juu milimani. Nikawaeleza kwamba ile ni sumu. Wakacheka wakaniambia sumu gani inaponya.

Ningekuwa mgeni ningefoka. Lakini kwetu Waluguru ukoo unafuata mama. Yule ni mama yangu sawasawa na aliyenizaa, na mtoto wa binti yake ni wangu pia. Humwambii mama yako "ondoka hapo" mbele za watu.

Nikaona bora niondoe harufu yenyewe. Mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi walimwita tajiri, alikubali mpira ubadilishwe siku ileile. Kuhusu bomba alisema tusubiri, maana kulihamisha ni kusimamisha mashine na kutoa gesi yote, na kwa joto lile kila mtu alikuwa anataka barafu. Mpira ukabadilishwa, madirisha yakaacha kunuka, nami nikarudi nyumbani nimefurahi sana.

Nilipopita tena baada ya siku chache, wanawake walikuwa wamepanga foleni kwenye bomba. Harufu ilipokosekana madirishani waliitafuta, wakaikuta mdomoni mwa bomba, mahali vali ilipokuwa ikipitisha kidogo tu. Mama mdogo alikuwa amembeba mtoto juu, pua yake imeingia ndani kabisa.

"Wamebana dawa, mwanangu," akaniambia, "ila hapa bado ipo."

Nilipata hofu ambayo sijawahi kuipata maishani. Nilimshusha mtoto taratibu, kisha nikaingia ndani kumuuliza fundi wa mashine presha huwa inapanda lini. Akasema mvua ikinyesha mlimani. Maji ya kupozea mashine yalitoka kwenye kijito, na mvua ikinyesha yalikuja na tope la mashamba, chujio likaziba, mashine ikachemka. Nikatoka nikautazama ukuta. Mvua ikinyesha mlimani ndipo na watoto wanapobanwa vifua. Siku ambayo bomba lingefunguka ndiyo siku ambayo ukuta ungejaa.

Nilimweleza mhandisi wangu, naye akamweleza tajiri. Tajiri akaweka kibao cha HATARI chenye fuvu. Wanawake wakakianikia khanga.

Basi nikaenda kukaa mwenyewe. Tulifundishwa kwamba kumweka mtu alinde ndiyo kinga dhaifu kuliko zote, unaitumia ukishashindwa mengine, na mimi nilikuwa nimeshashindwa. Kila asubuhi nilikalia kreti chini ya bomba, nikamfukuza kila aliyesogea. Tajiri alipita akanichekea. "Dada injinia, si umeona? Wewe upo, bomba tulihamishe la nini?" Nililokuwa nalo mdomoni haliambiwi mtu wa umri wake.

Halafu ikaja asubuhi ambayo milima ya Uluguru haikuonekana kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na mfereji wa kiwanda ulikuwa mwekundu wa tope. Mama mdogo alikuja wa kwanza, mtoto mgongoni anahema kwa taabu, na nyuma yake wenzake wengi kuliko siku zote.

Nikasimama. "Mama, leo hapana. Nakuomba."

Akaniangalia bila hasira. "Kila siku unatufukuza sisi, na kila siku unakaa wewe. Msomi mzima akae hapa bure? Tumeshaelewa mwanangu, wala hatukulaumu. Sogea kidogo, na mtoto apate."

Wenzake walikuwa wameanza kushusha mizigo. Ndani ya ukuta kompresa ilibadilisha mlio, ikawa inaunguruma kwa kukwama. Sikufikiri. Nilimchomoa mtoto mgongoni kwake nikakimbia naye kuelekea barabarani, na mama mdogo nyuma yangu anapiga ukunga, na ukuta mzima nyuma yake, wanawake wote na watoto wao, wananiita mwizi.

Walinikamata kwenye lami. Mama mdogo alinipiga kofi ambalo hajawahi kunipiga hata nilipokuwa mdogo. Tukageuka wote kuangalia kiwanda. Hakikutoka kitu. Fundi alikuwa amewahi kuzima mashine, na pale ukutani palikuwa na mizigo yao na kreti yangu tu.

Mama mdogo akamfunga mtoto mgongoni, akakaza khanga, akarudi ukutani. Wenzake wakamfuata. Nilibaki barabarani shavu linawaka, nikamsikia fundi anawasha mashine upya.