Salamu Langoni

Kambi ya barabara niliyokuwa nikipikia ilipofungwa, nilijua mapema ni nani watapata kazi nyingine na ni nani watakaa nyumbani. Isiolo ndivyo ilivyo. Kazi zikiwa nyingi hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Zikipungua, swali hilo linakuja kabla hujaulizwa kama unajua kupika. Baba yangu alitoka katika familia za Kiislamu za hapa mjini, wajukuu wa askari wa zamani, na mama yangu ni Mmeru wa familia ya Kikristo. Wakati wa harusi nina ndugu pande zote mbili. Wakati wa kazi sina upande.

Nilikaa hivyo mpaka wakala wa kazi za Saudi akaanza kunipigia simu. Pasi ya kusafiria nilikuwa nayo. Nilichokosa ni moyo wa kumwacha binti yangu, ambaye bado alikuwa akilala ameshika nguo yangu. Nikaapa kwamba nikikosa kazi katika kambi mpya ya barabara ya Ngaremara, nitakwenda.

Kambi hiyo ilitaka wapishi, mmoja kutoka kila jamii, ili kusiwe na maneno. Kila jamii ingepanga mstari wake langoni, na mzee wake angemshika aliyemchagua na kusema, "Huyu ni wetu." Wazee wa upande wa baba walikuwa wameshaweka mke wa mtoto wa mmoja wao. Waliniambia kwa upole, na upole huo ndio ulioniudhi zaidi. Ndipo mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa msemaji wa Wameru, akakubali kunisimamisha katika mstari wake. Wengi wa watu wake hawakunijua. Kimeru nakiongea, na sura ni ya mama. Akanitaka nivue shungi, nifunge kitambaa cha kawaida.

"Na huo mdomo ufunge," aliniambia. "Ukisalimiwa, sema mzuri tu. Basi."

Asubuhi ile upepo uliniingia shingoni nikajiona kama niko uchi. Binamu zangu wa upande wa baba waliniona kutoka mstari wao, wakanyamaza. Niliwashukuru, na papo hapo nikawaonea hasira. Mjomba alinifikia, akaweka mkono begani kwangu, akatamka maneno yale. Karani akanitazama, akainua kalamu aandike jina langu.

Wakati huohuo msimamizi wa jiko akatoka langoni, mzee mwenye ndevu za hina. Hakumlenga mtu. Aliwatupia wote salaam aleikum, kama mtu anayeingia dukani.

"Aleikum salaam," nikasema.

Sikufikiri. Jibu hilo halipiti akilini, linatoka lenyewe, nami nimelitoa tangu nilipojua kuongea. Tena nililitoa kwa sauti, maana baba hakupenda salamu ya kunong'ona. Mstari mzima ukageuka. Mama mmoja nyuma yangu, aliyemleta binti yake, alimuuliza mjomba kwa Kimeru tangu lini watu wetu wanaitikia hivyo. Mjomba aliondoa mkono begani kwangu, taratibu, akamshika yule msichana.

"Huyu ni wetu," akasema tena, na karani akaandika.

Niliangalia upande wa baba. Binamu zangu walikuwa wakitazama viatu vyao. Nikatoa shungi mfukoni, nikajifunga palepale, kila mtu aone, nikaondoka. Hasira zilinizidi hata nikapita nyumba yangu bila kuijua, ikabidi nirudi.

Binti yangu alikuwa mlangoni. Akanisalimia kama nilivyomfundisha, salaam aleikum, maneno yote mazima, kwa sauti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliogopa kuitika. Yeye akangoja, akinitazama, hajui kwa nini mama amenyamaza.

Nikamwitikia kwa sauti ileile ya langoni. Kisha nikazunguka nyuma ya nyumba, asinisikie, nikampigia wakala.