Kidonda cha Punda Wetu

Miaka ya hamsini bwana mifugo alikuja Amu kutafuta mtu mmoja wa kupelekwa bara kusomea kutibu wanyama. Akamkuta punda wetu wa kubebea mawe amepona kidonda kibaya cha mgongoni, akauliza ni nani aliyemuuguza.

"Mimi, Bwana."

Uongo mtupu! Aliyemuuguza ni dada yangu, naye alikuwa nyuma ya mlango akisikia. Najitetea kwamba mwanamke asingepelekwa. Lakini kulitaja jina lake kulinishinda nini?

Nilirudi na cheti. Punda wa kwanza mwenye kidonda kama kile sikumweza, ikabidi nimwendee dada. Akanieleza dawa yake yote bila kinyongo, kisha akavuta kigoda karibu yangu.

"Na huko, kaka, walikufundisha nini?"