Kikombe cha Mama Mkwe

Kazini walimwita Mfugaji, na mifugo yake ilikuwa mbu. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiwatunza mbu wa kituo cha utafiti: akiloweka pamba zao katika maji ya sukari, akisafisha vizimba vyao vya neti, akihakikisha chumba kina joto na unyevu, maana mbu naye ana starehe zake. Nyumbani alitandika godoro nje ya chandarua walimolala mkewe na mtoto. Alidai mbu wanamjua. Mama mkwe, aliyeishi nao, aliguna tu. Kwake yeye, mwanamume wa kunenepesha mbu ilhali mwanawe kaugua malaria mara tatu kwa mwaka mmoja alikuwa hasara tupu.

Ikawa daktari wa kituo anatafuta watu wanaobeba vimelea vya malaria bila kuugua. Mfugaji na mama mkwe walipimwa, wakakutwa navyo wote wawili. Wakatolewa damu, kisha wakapewa dawa. Daktari aliwaeleza kuwa miili ya watu wengine hujenga kinga ya ajabu: mbu akinywa damu yao, hunywa na kinga hiyo, nayo huvizuia vimelea tumboni mwake, asiweze kumwambukiza mwingine. Ili ajue nani anayo, alichanganya maji yaliyotengwa kutoka kwenye damu ya kila mmoja na vimelea vya maabara, akawanywesha mbu, kila mtu na kikombe chake cha mbu. Siku ya nane mbu wangepasuliwa na vivimbe vya vimelea tumboni vihesabiwe.

Siku ya tatu Mfugaji alikuta lebo mbili za vikombe zimebanduka kwa unyevu, zimelala sakafuni: yake na ya mama mkwe. Sheria ya kazi ilimtaka atoe taarifa. Yeye alizibandika kwa kubahatisha, akafunga mdomo.

Siku ya nane ikafika. Kikombe cha mama mkwe, sifuri. Cha Mfugaji, vivimbe tele. Basi nyumba haikukalika. Kufikia jioni mtaa mzima ulijua kuna damu inayoikomesha malaria, na mwenye damu akiletewa maji ya kunywa, sharti yaletwe kwa mikono miwili.

Mfugaji alikosa raha. Je, kama ile sifuri ni yake? Tusimpambe: kilichompeleka kwa daktari hakikuwa dhamiri, kilikuwa wivu. Daktari alimsikiliza, akasema jaribio litarudiwa kwa damu iliyobaki kwenye jokofu, lebo zifungwe kwa uzi. Matokeo yakigeuka, Mfugaji hana kazi. Na mama mkwe ataambiwa, tena na Mfugaji mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha lebo ana mama mkwe. Bibi yule alisimuliwa yote, akasema atangoja matokeo.

Zamu hii Mfugaji alihesabu mwenyewe kwenye darubini. Kikombe cha mama mkwe, sifuri. Chake, mbu wa kwanza vivimbe thelathini na vinane, wa pili arobaini na kimoja. Wa tatu hakutaka hata kumtazama. Alikuwa amebahatisha sawasawa. Kazi ilibaki, pamoja na barua ya onyo.

Akarudi nyumbani akiwa tayari kuchekwa. Mama mkwe hakucheka.

"Yaani mbu akikunywa wewe, anaondoka na malaria yote?"

"Ndiyo, Mama."

"Na umekuwa ukilala nje ya chandarua."

Mfugaji alimtazama mwanawe aliyekuwa akicheza na vifuniko vya chupa mlangoni, akazikumbuka zile homa tatu, moja baada ya nyingine. Kila mara alilaumu madimbwi ya jirani.

Mama mkwe aliingia chumbani kwake, akatoka na chandarua chake.

"Chukua changu mpaka ununue chako, mkwe wangu. Kwangu malaria inaishia hapa. Wewe ndiye wa kufungiwa."

Mfugaji alikipokea kwa mikono miwili.