Bunga Bibi Yangu Alikuwa Anatia mu Sufuria ya Nguruwe

Nawasalimia bote ba page hii. Ficheni jina yangu, na quartier ninakaa pia, juu hapa Butembo mutu akisema tu "ule muzee wa nguruwe", banajua ni mimi. Niko na myaka makumi saba na moja. Masomo nilikomea mwaka ya tatu, troisième primaire, mais hii naandika na kidole yangu mwenyewe, mutu hapana kunisaidia. Bibi yangu iko muzima, batoto bameoa na kuolewa. Nguruwe nilianza kufuga mbele wengi munaosoma hapa muzaliwe, na sijaona bado mutu wa kunifundisha.

Shida yangu ilianzia ku poudre, bunga ya dawa. Veterinaire moja alipita kwetu, anasema batoto ba nguruwe bakisha kuachishwa maziwa, bachanganyiwe prémix mu chakula, ni poudre ya vitamini na madini, ili bakomee mbio na mwili upate nguvu ya kukatala magonjwa. Nikamuuliza kama mama yake alimulea na poudre. Batu bakacheka, akaenda zake. Mimi niko na dawa ya kutoka kwa baba yangu: makaa ya kusaga, ayi (kitunguu saumu), majani ya papai na udongo mwekundu. Naimwanga mwenyewe mu chakula yao kila asubui. Bibi yangu akasema pole pole tujaribu na ile ya veterinaire. Nikamujibu siku poudre itaingia mu lupango yangu, mimi nitatoka.

Donc uzao wa nguruwe wa wakati ule ulikomaa, mungeona mungesema ni picha. Manyoya inangaa, kuhara hakuna, kikohozi hakuna. Nilijisifu, siwezi kukatala: ku soko, ku shirika yetu ya kanisa nyuma ya sala, mpaka Rughenda. Batu bakakuja kuomba dawa, nikabapa bure, juu sina roho ndogo. Dada yangu mudogo, mujane, iko Kasugho. Yeye alikuwa anatumia poudre. Nilimucheka ku simu mpaka akaiacha, nikamutumia gunia ya dawa yangu na pikipiki. Zile nguruwe njo anategemea kuuzisha apate mbuzi ya mahari ya mutoto wake.

Sasa musikie. Binti yetu wa Beni akazaa, bibi yangu akaenda kumutunza karibu mwezi. Nyuma yake bibi ya jirani akakubali kupikia nguruwe. Juu kwetu sufuria ni ya mwanamuke. Mwanaume wa kufunua sufuria, hata kama ni ya nguruwe, batamucheka mpaka ku kaburi. Mimi sijachungulia ata siku moja. Uzao mupya ulikuwa umetoka tu ku maziwa. Bakaanza kukonda, manyoya inasimama, banahara. Nikaongeza dawa ya baba mara mbili. Hakuna kitu. Mbili bakakufa.

Bibi yangu aliporudi, nikaanza kumulalamikia juu ya bibi ya jirani, eti hajue kupika. Akatua muzigo chini, akakaa.

"Baba batoto, usimugombeze ule mama ya jirani. Hakujua kama kunatiwaka poudre. Mimi njo nilikuwa naitia, tangu ule uzao wa mbele."

Nikamuuliza poudre gani.

"Ile ya veterinaire. Ningekuambia ungeimwanga inje."

"Na wakati huu wote unaniacha najisifu mbele ya batu?"

Akacheka kidogo. "Nani angekukataza?"

Nilikatala chakula yake mpaka njaa ikanishinda. Ile inaniuma si poudre, ni kufanywa mutoto mu nyumba yangu. Na sijasema dawa ya baba ni mubaya, ule udongo uko na nguvu yake. Mais sijue tena kazi gani ilikuwa yake na gani ilikuwa ya poudre.

Juma moja ikapita, dada yangu akanipigia. "Yaya, kaka yangu, batoto ba nguruwe banakonda, na moja hasimame tena. Niongeze dawa yako kiasi gani?"

Nikafungua kinywa niseme arudilie poudre yake. Bibi yangu alikuwa pale anachambua majani ya sombe, ananiangalia tu. Kinywa ikasema: "Ongeza mara mbili."

Nikaweka simu. Bibi yangu akasema: "Mbele ya batu sitakuhaibisha. Mais dada yako akiniuliza mimi, nitamwambia."

Na siku ya Mungu, jumapili hii inakuja, shirika imeniomba nisimame nifundishe batu namna ya kufuga. Nikisema ukweli, muzee muzima nitachekwa na batoto ba jana, na ule veterinaire atapita mbele ya mulango yangu anapiga mluzi. Nikinyamaza, ni mutoto wa mama yangu namumalizia nguruwe.

Tangu asubui dada yangu anapiga, sijibu. Sasa hivi tena simu inalia mu mukono yangu, jina ni yake. Ninyi munaofuga, na ninyi munaojua kukaa na bibi, munipe shauri mbio: nikiitika, nianze na neno gani?