Wosia Tuliousaini Wote

Mimi nina darasa la saba na mwandiko unaosomeka, na kwa sababu hizo mbili tu baba aliniita niandike wosia wake. Kaka yangu ana diploma, lakini akiandika utadhani kuku amefukuzwa juu ya karatasi. Sisemi kwa chuki. Pikipiki anaitengeneza vizuri kuliko mimi.

Baba akasema, nikaandika. Kaka apate shamba la juu. Mimi, kitinda mimba, nibaki na nyumba na ekari nne zinazoizunguka, kama ilivyo desturi yetu. Halafu akamwangalia dada aliyekuwa anachambua maharage mlangoni. Dada aliachika huko Digodigo alikoolewa, akarudi kwetu Ganako na mtoto mgongoni, na ndiye anayempikia na kumfulia baba tangu mama afariki.

"Huyu naye mwandikie ekari moja, kule kwenye katani," baba akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Kwetu binti aliyeolewa hapewi ardhi. Na ekari hiyo ilitoka kwenye zangu nne.

Ili baadaye asilalamike mtu, nikasema tusaini wote. Kaka, dada, mimi, na baba akaweka dole gumba. Nilijiona nimetenda haki kuliko mahakama.

Mtendaji wa kijiji alipousoma alicheka mpaka akavua miwani. "Mdogo wangu, anayerithi hawi shahidi! Hapa mmekuwa timu iliyojipangia refa. Leteni mtu wa ukoo asiyepata kitu, na mtu baki mmoja. Mzee aseme upya, uandike upya."

Sasa niseme ukweli hata kama unanichafua: njiani nilifurahi. Baba kurudia maneno yale mbele ya watu wa nje, kwamba amempa binti ardhi, angeona aibu. Ekari ingerudi kwangu, na mimi sijafanya kosa lolote. Au nimefanya? Nilifika nyumbani bado sijui.

Jumapili baada ya ibada wakaja mashahidi: baba mdogo, na mzee wa Kiislamu mwenye duka Karatu mjini, rafiki wa baba wa siku nyingi. Tulipofika kwenye fungu la dada, baba akakohoa.

"Na huyo..." akaishia hapo.

Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha kumsaidia. Nilikagua ncha ya kalamu.

"Huyo nani?" baba mdogo akadakia. "Si aliolewa huyo? Kaka, unataka mashemeji wa Digodigo waje kupanda mbaazi juu ya kaburi lako?"

Kosa lake hilo. Baba hajawahi kufundishwa na mdogo wake, hata namna ya kufunga ng'ombe.

"Wewe nguo zako anafua nani?"

"Mke wangu."

"Zangu anafua huyu. Andika ekari mbili."

"Mbili, baba?" Sauti ilinitoka nyembamba.

"Huna masikio? Kwenye zako."

Mzee wa duka akainua macho, akawa kama anahesabu misumari ya bati.

"Niandike kwa tarakimu au kwa maneno?" nikauliza, nikitafuta muda.

"Vyote viwili," dada akajibu toka mlangoni. "Halafu usome kwa sauti."

Nikaandika. Nikasoma. Dada akasema hajasikia vizuri, nirudie.