Nilivyomtetea Kerubo Hewani

Mimi ni wakili, na Jumapili huwa hakimu kwenye kipindi cha televisheni hapa Kisii. Nasikiliza kesi kwa Ekegusii, kisha nawatafsiria watazamaji kwa Kiswahili, kwa maringo. Juzi, tukiwa hewani moja kwa moja, mzee wa Nyansiongo alimshtaki jirani yake.

"Kerubo wake huingia kwangu kila asubuhi, anakula mahindi. Nimemwambia amfunge kamba, hataki."

Nikapandwa na hasira. "Mwanamke afungwe kamba kwa sababu ya njaa? Utamwomba Kerubo msamaha hapa hapa!" Nikamgeukia jirani. "Na wewe, kwa nini humlishi mkeo?"

Jirani akamtazama mama aliyeketi kando yake, akainuka taratibu.

"Mheshimiwa, mke wangu ni huyu. Kerubo ni ng'ombe."