Angeline anayewasindikiza hospitali wagonjwa wanaoficha majina yao

Jua bado halijachomoza, umande umelala kwenye majani ya migomba, na Angeline Nabintu anafungua mnyororo wa pampu ya maji huko Rubondo, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mnyororo una kutu. Ufunguo ameufunga kwenye ncha ya kitenge, mahali ambapo wanawake wengine hufunga hela.

Madumu yamepanga foleni tangu jana jioni, bila wenyewe. Kuna la njano lenye kizibo cha gunzi la hindi, kuna la bluu lililokatwa mdomo, kuna moja lililoshonwa kwa waya ubavuni kama kidonda. Angeline anajua kila dumu na nyumba yake.

"Mama Grâce, leo umeamuka na sura ya polisi," jirani mmoja anamtania Angeline kwa jina la mtoto wake, akipiga miayo. "Fungua maji kwanza, kutukamata ni kesho."

"Wewe nitakukamata leo leo. Bido yako inavuja, unamwanga maji ya bantu bure," Angeline anajibu kwa Kiswahili cha Kongo, akilionyesha dumu lake.

Wanawake wanacheka. Angeline anacheka nusu tu, maana macho yake yako kwenye foleni. Kuna nyumba moja anayoitafuta kila asubuhi, nyumba ya Muhirwa, fundi cherehani. Leo dumu lake lipo. Angeline anashusha pumzi, anashika mpini wa pampu, anaanza kusukuma.

Mwezi wa tatu mwaka huu dumu hilo lilikosekana siku mbili mfululizo. Aliuliza kwenye foleni, akajibiwa kwamba labda wanachota kwingine. "Kwingine wapi?" aliuliza. Pampu nyingine iko mbali, na hakuna anayevuka vilima viwili kwenda kuchota maji wakati ana maji mlangoni.

Basi alipofunga pampu alikwenda kubisha hodi.

Angeline ana miaka arobaini na saba na watoto wanne. Kwa kulinda pampu, kamati ya maji humpa shilingi elfu arobaini za Uganda kwa mwezi, zikipatikana. Kazi yake ya pili haina malipo. Yeye ni mmoja wa wajitolea waliofundishwa, wiki nzima katika darasa la shule ya msingi, jinsi ya kukaa na mtu aliyechoka kuishi, kumsikiliza, na kumsindikiza kwenye matibabu.

"Bantu banazani ni kazi ya kusema mingi," anasema. "Hapana. Ni kazi ya kukaa. Unakaa, unanyamaza, mutu mwenyewe anafungua."

Siku ile kwa Muhirwa, aliyetoka mlangoni ni mkewe, Apolline, mwiko mkononi, mlango ameuvuta nyuma yake.

"Baba analala, mama. Ni malaria."

"Malaria ya siku ngapi?"

"Ni malaria tu." Kisha Apolline akasogea, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Grâce, nakuomba. Usipeleke jina lake fasi yoyote. Intavyu yetu ni mwezi ujao."

Mtu asiyeishi Nakivale huenda asiuone uzito wa maneno hayo. Muhirwa na Apolline walikimbia milima ya juu ya Uvira, Kivu ya Kusini, nchini Kongo, na wamengoja miaka tisa kuitwa kwenye mahojiano ya kuhamia nchi ya tatu. Faili la familia huko linaitwa dosiye, na linachungwa kuliko ng'ombe. Imeenea imani kwamba mtu akiandikwa hospitali kuwa na ugonjwa wa akili, dosiye ya nyumba nzima inaanguka. Ndiyo maana wengine hawaendi kabisa kutibiwa. Wengine huenda, lakini kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa hutaja jina la mtu mwingine.

Angeline anaijua desturi hiyo kuliko angependa kuijua.

Alifika Nakivale akitoka Walungu, Kivu hiyo hiyo, na mdogo wake wa kiume, Modeste, baada ya wazazi wao kuuawa. Modeste alikuwa kijana wa mizaha, mpiga gitaa la kanisani, mpenda maharage ya ukoko wa chini ya sufuria. Baadaye akaanza kukaa peke yake. Gitaa likabaki ukutani. Dada yake alimwuliza, akajibiwa kwamba ni uchovu.

Kumbe Modeste alikwenda mwenyewe hospitali ya mji wa Mbarara, kwa siri, akaonana na daktari. Dirishani alijiandikisha Prince, jina la binamu yao aliyebaki Bukavu. Alipewa dawa, akazimeza, akaanza kula na kucheka tena. Nyumbani walidhani ni maombi. Alipojiona mzima, akaacha kwenda.

Wahudumu wa hospitali hawakumwacha. Walikuja Rubondo kumtafuta mgonjwa wao, wakapita nyumba kwa nyumba.

"Bakafika hata kwangu," Angeline anasema. Anachambua mchele huku akisema, na hapa mikono inasimama juu ya ungo. "Mama mumoja wa Uganda, muzuri sana, alivaa sweta. Akaniuliza, 'Prince anakaa hapa?' Nikamwambia hapana, mama, hapa hakuna Prince. Nikamupatia maji ya kunywa. Akaenda."

Modeste alikuwa ndani. Alisikia yote, wala hakutoka.

Kabla juma lile halijaisha, Modeste alijiua. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Dada yake alipokunja godoro alikuta vidonge vilivyobaki ndani ya bahasha, na juu yake limeandikwa jina la Prince. Hapo ndipo alipoelewa yule mama wa sweta alikuwa anamtafuta nani.

Matanga yalikuwa na watu wachache. Huko, mtu akifa kwa mkono wake mwenyewe, wengi huogopa hata moto wa nyumba hiyo. Waliopita barabarani walisalimia kwa mbali, bila kusimama. Mchungaji alituma salamu, hakuja kuomba. Angeline alipika maharage ya kuwatosha waombolezaji arobaini, na siku ya pili yalichacha.

Kwa hiyo alipoambiwa mlangoni kwa Muhirwa kwamba ni malaria, hakubishana. Aliketi kwenye kizingiti. Apolline naye, baada ya kusimama kitambo, akaketi. Ugali ukaungua, harufu ikatoka, hakuna aliyeinuka. Mwishowe Apolline akafungua mlango.

Muhirwa alikuwa amelala akitazama ukuta. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka. Sare za shule za watoto wa watu zilikuwa zimekaa hapo bila vifungo.

Angeline alimsalimia, akamwuliza habari za usingizi na za chakula. Kisha akamwuliza kama alivyofundishwa, bila kuzunguka.

"Muhirwa, unafikiriaka kujiua?"

Apolline alishika mdomo. Wengi hudhani swali kama hilo humtia mtu wazo. Waliomfundisha Angeline walimwambia sivyo. Mara nyingi swali ndilo humpa mtu nafasi ya kupumua.

Muhirwa alisema bila kugeuka, "Nafikiriaka. Nilisema nivumilie mpaka batoto bafike kule Amerika. Bakifika, hawatanihitaji tena."

Apolline alilia siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Alikuwa ameishi na mtu huyo miaka kumi na minne, akidhani anachongoja ni safari.

Jioni hiyo Apolline alikusanya vitu ambavyo hakutaka vibaki karibu na mumewe, na Angeline akaondoka navyo vimefungwa ndani ya kitenge. Waligawana zamu ili Muhirwa asibaki peke yake. Kesho yake kituo cha afya kilimpa barua ya kumtuma Mbarara.

Kuhusu dosiye, Angeline alikwenda kumwuliza afisa mmoja wa wakimbizi, akajibiwa kwamba kutibiwa hakufuti faili la mtu. Alirudi kumweleza Muhirwa.

"Banasemaka vile," Muhirwa alijibu.

"Mimi sikuahidi ya dosiye," Angeline alimwambia. "Mimi siko mukubwa wa dosiye. Ninakuahidi kitu kimoja, hautaenda peke yako. Na kule sitakusemea."

Wakaondoka watatu, Apolline akiwemo. Njiani, Kaberebere, walinunua ndizi mbivu. Muhirwa alikula nusu, nusu akaishika mkononi mpaka Mbarara, ikalainika kwa joto la kiganja.

Hospitali ilikuwa imejaa. Dirishani karani alimwuliza Muhirwa kitambulisho, akasema amekisahau. Akamwuliza jina.

"Déo," alisema Muhirwa.

Angeline alikuwa nyuma yake. Alitamani kupaza sauti kwamba huyu siye Déo, muandike vizuri, kesho mutamutafuta hamutamupata. Lakini alikuwa ameahidi. Akarudi kwenye benchi, akaketi, akatazama sakafu.

Walingoja. Muuguzi akatokea mlangoni akaita, "Déo!"

Hakuna aliyesimama. Muhirwa alikuwa anatazama dirisha. Jina lile halikuwa lake, na kwa uchovu wake alikuwa ameshalisahau.

"Déo! Déo iko wapi?" Muuguzi aliita mara ya tatu, akaangalia benchi nzima, akaita mgonjwa mwingine. Yule akaingia, akatoka. Akaitwa mwingine tena.

Apolline alimtazama Angeline. Angeline alikuwa analia kimya, machozi yanadondoka kwenye viatu, na ndipo Muhirwa akageuka kumwona.

"Mama Grâce, unalia nini?"

"Ninamulilia ndugu yangu," alisema. "Na yeye balimuita jina ile haiko yake. Hakuitika."

Akamsimulia hapo hapo kwenye benchi, kwa sauti ya chini, habari ya Modeste, bahasha ya dawa na yule mama wa sweta aliyepewa maji ya kunywa. Hakuongeza neno la kumshauri.

Muhirwa aliinuka. Alitembea mpaka kwa muuguzi, taratibu, kama mtu aliyebeba kitu kizito kichwani.

"Ule Déo unaita ni mimi," alisema. "Lakini mimi ni Muhirwa. Naishi Rubondo, karibu na pampu. Mukinitafuta, muulize fundi wa nguo."

Muuguzi alimtazama kidogo. "Sawa, muzee. Muhirwa, ingia. Hapa hakuna mtu atakufukuza."

Hiyo ni miezi mitano iliyopita. Mahojiano yaliahirishwa kwa nyumba nyingi, yao mojawapo, wala hakuna aliyewaeleza sababu. Apolline bado kuna siku anajiuliza kama sababu ni jina la mumewe kuandikwa hospitali. Muhirwa anameza dawa. Ziko asubuhi anazoshona tangu mapema, na ziko asubuhi ambazo shuka halitoki juu ya cherehani. Juma lililopita muuguzi alimpigia simu kumkumbusha tarehe yake, akamwita kwa jina lake.

Angeline hasemi kwamba Muhirwa amepona. "Ninasema leo yeye iko," anasema. "Kesho nitauliza tena."

Alhamisi alasiri hukusanya wagonjwa na jamaa zao nyuma ya kanisa, wakae na kusikilizana. Wanakuja sita, wakati mwingine wanne. Apolline huja, Muhirwa bado. Angeline amemwendea mchungaji mara mbili kumwomba waombe pamoja kwenye kaburi la Modeste, na mchungaji mwenyewe aliseme jambo hilo mbele ya waumini wote. Mchungaji amesema atafikiri. Angeline anapanga kurudi kwake Jumapili.

Alipoulizwa anatamani nini, aliweka ungo chini, akakung'uta makapi kwenye kitenge.

"Ninatamani mutu akisema, 'Nimechoka na maisha,' jirani asimwambie, 'Nyamaza, utaharibu dosiye ya batoto.' Amwambie, 'Ngoja nivae viatu, twende.'"